Uzi: Mawingu ya umbo la lenzi juu ya milima, na kwa nini rubani hana budi kuwa makini zaidi yasipoonekana

Mpimaupepo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Kila picha ya wingu laini la umbo la sahani, likiwa limetulia juu ya Kibo au Meru, inaposambaa mitandaoni, wachangiaji hugawanyika: wapo wanaoliita chombo cha viumbe wa sayari nyingine, na wapo wanaolichukua kuwa dalili ya mvua. Kundi la kwanza sitalijibu. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya swali ambalo huulizwa mara chache zaidi, nalo ni hili: wingu hilo linamwambia nini mtu anayerusha ndege, na lisipokuwepo adhani nini?

Tuanze na namna linavyotokea, kwa sababu mengine yote yanafuata hapo. Upepo unapokutana na mlima, hewa hulazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa. Ikiwa tabaka la hewa siku hiyo ni thabiti, yaani halina tabia ya kuendelea kujipandisha lenyewe kama inavyokuwa mchana wa jua kali, basi hewa iliyosukumwa juu hujikuta ni baridi na nzito kuliko hewa iliyo kando yake, na ikishavuka kilele hushuka. Katika kushuka huko hupitiliza kimo ilichoanzia, hupata joto, huwa nyepesi kuliko jirani zake, na hupandishwa tena. Ndipo huanza mwendo wa kupanda na kushuka unaoweza kuendelea kwa makumi ya kilomita upande wa demani, yaani upande ambao upepo unaelekea baada ya kuuvuka mlima. Hayo ndiyo mawimbi ya mlima.

Urefu wa wimbi unaweza kukadiriwa bila kompyuta. Katika hewa thabiti ya kawaida, mzunguko mmoja wa kupanda na kushuka huchukua dakika kumi hivi. Upepo ukiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde, takriban noti 39 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), katika dakika hizo kumi hewa husafiri kilomita 12. Kwa hiyo kilele cha wimbi moja na kile kinachofuata vitaachana kwa umbali wa namna hiyo, na ndege ya abiria inayokwenda kasi itavikata vyote viwili kwa muda usiofika dakika moja na nusu.

Mahali wimbi linapofika kileleni, hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, mvuke hugeuka matone na wingu huonekana. Hewa ikianza kushuka, matone huyeyuka na wingu hukoma. Ndiyo maana wingu hilo husimama mahali pamoja ilhali upepo unapita ndani yake kwa kasi ya gari la barabara kuu. Mfano wake ni mkunjo wa maji ulio nyuma ya jiwe mtoni: umbo halisogei, maji ndiyo yanayopita. Sahani kadhaa zikipangana moja juu ya nyingine, maana yake ni kwamba hewa ina tabaka za unyevu zilizotenganishwa na tabaka kavu, na wimbi moja limezipandisha zote kwa pamoja.

Masharti yenyewe si mengi. Upepo kwenye kimo cha kilele uwe na noti 20 au zaidi, uupige mlima kwa pembe isiyokwenda mbali sana na ya mraba, kasi yake iongezeke kadiri unavyopanda juu bila kubadili sana mwelekeo, na karibu na kimo cha kilele kuwe na tabaka thabiti. Hakuna sharti la unyevu katika orodha hiyo, na hapo ndipo ninapotaka wasomaji wasimame kidogo. Unyevu huamua kama wimbi litaonekana. Hauamui kama wimbi lipo.

Mlima wenye mawimbi kamili na unyevu wa kutosha huonyesha mawingu ya namna tatu. La kwanza ni kofia inayokaa juu ya kilele chenyewe. La pili ni lenzi, ambazo hukaa juu zaidi, kwenye vilele vya mawimbi upande wa demani. La tatu ni wingu la rota, nalo ndilo la kuogopwa kuliko yote ingawa halina sura ya kupendeza: ni mapande yaliyochanikachanika, mara nyingi kwenye kimo kinachokaribiana na cha mlima, chini ya lenzi, mahali ambapo hewa inajiviringisha kwa mlalo. Ndani ya lenzi yenyewe safari inaweza kuwa laini kabisa, kiasi kwamba rubani hajui kama anapandishwa mpaka aangalie altimita, yaani kipimo cha kimo. Chini yake, kwenye rota, ndege hiyohiyo inaweza kurushwarushwa hadi ikashindwa kuongozwa. Kingo za lenzi nazo husema jambo: zikiwa zimenyooka na safi, hewa inapita kwa utaratibu; zikianza kuchanika, wimbi linavunjika, na msukosuko umefika hata kwenye kimo hicho.

Sasa nije kwenye tukio ambalo, kwa maoni yangu, kila anayezungumzia jambo hili anapaswa kulijua.

Tarehe 5 Machi 1966, Boeing 707 ya shirika la BOAC la Uingereza, safari namba 911, iliruka kutoka Haneda, Tokyo, ikikaribia saa nane mchana, ikielekea Hong Kong. Ilipokuwa ikitembea ardhini kwenda kuruka, ilipita karibu na mabaki ya DC-8 ya Canadian Pacific iliyoanguka uwanjani hapo usiku uliotangulia katika ukungu. Siku hiyo ukungu haukuwepo. Anga ilikuwa safi, na Mlima Fuji, wenye mita 3,776, ulionekana wazi. Marubani waliomba kupanda kwa kuona kwa macho, wakielekea magharibi kwa njia iliyowapitisha karibu na mlima huo. Kileleni upepo ulikuwa noti 60 hadi 70 kutoka upande wa kaskazini-magharibi. Ilipofika kimo cha futi 16,000 hivi, juu ya mji wa Gotemba ulio upande wa demani wa Fuji, ndege ilivunjika vipande angani. Watu wote 124 waliokuwemo walikufa, na hakuna mwito wowote wa dharura uliosikika.

Ndani ya mabaki ilipatikana kamera ya filamu ya milimita 8 ya abiria mmoja. Picha za mwisho zilionyesha mshtuko wa ghafla, na majaribio yaliyofanywa baadaye yalikadiria kuwa nguvu iliyoipiga ndege ilikuwa takriban mara saba na nusu ya uzito wake. Kwa kulinganisha, ndege ya abiria husanifiwa kuhimili mara mbili na nusu, pamoja na akiba ya nusu ya kiasi hicho kabla ya kuvunjika. Ndege ya kivita ya A-4 Skyhawk ya jeshi la majini la Marekani, iliyotumwa kutafuta mabaki, ilikutana na hali hiyohiyo: kipimo chake kiliandika nguvu ya hadi mara tisa upande mmoja na mara nne upande wa pili, rubani akadhani ameipoteza ndege, na baada ya kutua ilizuiwa kuruka hadi ikaguliwe. Wachunguzi wa Japani walihitimisha kwamba 707 ilikumbana ghafla na msukosuko usio wa kawaida uliozidi sana mipaka ya usanifu wake.

Kinachonishangaza katika mkasa huu ni mahali pa tukio. Gotemba ndiko mtafiti wa Kijapani Masanao Abe alikojenga kituo chake mwishoni mwa miaka ya 1920 ili kupiga picha na filamu za mawingu ya Fuji na kufuatilia jinsi hewa inavyouzunguka mlima. Mawingu hayo yalikuwa yamechunguzwa kwa miaka mingi, tena kutoka mji huohuo, kabla 707 haijavunjika juu yake. Lakini siku ya ajali hapakuwa na wingu la kuwaonya marubani. Hewa ilikuwa kavu, wimbi likapita bila kuonekana.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Kibosho Juu

Mkuu Mpimaupepo, ahsante kwa maelezo yenye kina. Sisi tulio upande wa Moshi huona Kibo ikivaa kofia asubuhi nyingi, na nyakati nyingine wingu la sahani hukaa juu kidogo ya theluji kwa saa nzima bila kusogea. Je, ina maana kwamba kila siku ya namna hiyo ndege zinazotua Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro zimo hatarini kama ile ya Fuji? Nauliza kwa sababu sijawahi kusikia abiria wa huku wakisimulia jambo la namna hiyo, ingawa misukosuko ya kawaida ipo.

Mpimaupepo

Ndugu Kibosho Juu, swali lako ni zuri, na jibu fupi ni hapana. Jibu refu linahitaji hesabu ndogo.

Hewa thabiti haina nguvu ya kupanda mlima wowote iupendao. Kimo ambacho inaweza kupandishwa hutegemea kasi ya upepo na uthabiti wa tabaka. Kwa hali ya kawaida, upepo wa mita 10 kwa sekunde, karibu noti 20, unaweza kupanda takriban mita 1,000 tu. Ukiwa wa mita 20, mita 2,000. Kilimanjaro ina mita 5,895, na kutoka tambarare zinazoizunguka huinuka karibu mita 4,900. Kwa hiyo upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiifikia, sehemu kubwa ya hewa ya chini haiuvuki mlima kabisa, bali hugawanyika na kuuzunguka pembeni, na ni kilomita moja ya juu tu ambayo hewa yake huvuka na kuanzisha mawimbi. Lenzi unayoiona juu ya Kibo imetokana na kilomita hiyo ya mwisho. Kutoka hapo mawimbi hutanuka kwa umbo la herufi V na kupoteza nguvu upesi, tofauti na safu ndefu ya milima ambayo hewa haina pa kuizunguka.

Jambo la pili ni latitudo yetu. Fuji wakati wa baridi hupitiwa na pepo kali za magharibi zinazoanzia kwenye mkondo mkuu wa angani. Kwetu karibu na ikweta, pepo za kimo cha kilele cha Kibo kwa kawaida ni za mashariki na ni dhaifu zaidi. Siku za upepo mkali zipo, lakini si za kila juma.

Hata hivyo nisikupe faraja kupita kiasi. Uwanja wa KIA uko kusini-magharibi mwa Kibo, hivyo kaskazi ikivuma kwa nguvu, uwanja huo uko upande wa demani. Meru, yenye mita zaidi ya 4,560, iko magharibi yake, na Uwanja wa Arusha, ambako ndege ndogo nyingi za watalii huanzia safari za Serengeti, uko karibu kabisa na miguu ya Meru. Rubani wa ndege ndogo ya Caravan anayeona lenzi juu ya Meru asubuhi akiwa anajiandaa kuruka amepewa habari bila malipo kuhusu upepo wa juu, na si busara kuipuuza. Mchana jua likishapasha ardhi, uthabiti huvunjika, lenzi hupotea, na nafasi yake huchukuliwa na mawingu ya radi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo adui mkubwa zaidi wa usafiri wa anga katika eneo letu.

Kuna hatari nyingine ya mawingu ya milimani ambayo haihitaji wimbi lolote, nayo ni kwamba mawingu huuficha mlima. Tarehe 5 Juni 2018, Cessna Caravan iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Nyandarua, na watu wote kumi waliokuwemo walifariki. Mwaka 2003 ndege ya kukodi iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, na watu 14 walifariki. Hizo ni ajali za ndege kuukuta mlima, si za wimbi kuivunja ndege, na tusizichanganye.

Rubani wa Mrengo Mmoja

Wakuu, naomba kuongeza jambo kwa upande wa chumba cha marubani, kwa kuwa uzi unaweza kumfanya msomaji aamini kwamba hatari ni kuvunjika tu. Kuvunjika ni nadra mno. Kinachotokea mara nyingi ni kitu cha polepole.

Chukua ndege kubwa iliyo katika kimo cha futi 35,000, mtambo wa kujiendesha umeagizwa kushikilia kimo hicho. Ikiingia sehemu ya wimbi inayoshuka, mtambo hauoni wimbi. Huona tu kwamba kimo kinapungua, basi huinua pua. Pua ikiinuka, kasi hushuka. Injini huongezewa nguvu hadi mwisho, na bado kasi inashuka. Dakika moja baadaye ndege inaingia sehemu inayopanda, mtambo unashusha pua, nguvu ya injini ingali kubwa, na kasi inaruka kuelekea kikomo cha juu. Katika kimo hicho pengo kati ya kasi ndogo mno na kubwa mno ni finyu, na rubani aliyezoea kuuacha mtambo ufanye kazi anaweza kujikuta amefika ukingo mmoja au mwingine bila kutikiswa hata kidogo, kwa sababu wimbi lenyewe ni laini. Tunafundishwa kushikilia mkao wa ndege na kasi, kukubali kimo kibadilike, na kumwomba mwongoza ndege atupe ukanda wa vimo badala ya kimo kimoja.

Ombi hilo si la hiari tu. Tangu nafasi ya futi 1,000 kati ya ndege na ndege ilipoanza kutumika katika vimo vya juu barani Afrika mwaka 2008, kuyumba kwa futi mia kadhaa kunampa mwongoza ndege sababu ya kuchukua hatua mara moja.

Kwa wenzetu wa ndege ndogo tatizo ni rahisi kueleza na gumu kuponyoka. Mkondo unaoshuka wa futi 1,000 kwa dakika si ajabu upande wa demani wa mlima mkubwa. Cessna 172 iliyobeba watu wanne kwenye uwanja wa nyanda za juu, mchana wa joto, haipandi kiasi hicho kwa nguvu yote ya injini. Hesabu imekwisha hapo. Ndiyo maana kanuni ya kuvuka safu ya milima ni kuikaribia kwa pembe ya nyuzi 45, ili ukiona unashushwa uweze kugeuka na kurudi kwenye ardhi ya chini kwa mgeuko mfupi, na kuwa juu ya kilele kwa angalau nusu ya kimo cha mlima kutoka ardhi inayouzunguka. Kasi ipunguzwe mapema, kabla ya kuingia, ifike ile ya msukosuko iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege.

Mwanafunzi wa Anga

Samahani wakubwa zangu, mimi ni mwanafunzi. Nimesikia kwamba altimita nayo hudanganya karibu na milima wakati wa upepo mkali. Ni kweli? Na je, ndege kubwa za kisasa bado zinaweza kuharibiwa, au hayo yalikuwa mambo ya miaka ya 1960?

Mpimaupepo

Kuhusu altimita, ni kweli. Hewa inapobanwa kupita kasi juu ya kilele, kanieneo hushuka mahali hapo, na kwa kuwa altimita hupima kanieneo, itakuonyesha uko juu kuliko ulivyo. Vitabu vya mafunzo hutaja kosa linaloweza kufika futi 1,000 katika hali mbaya sana. Ukijumlisha kosa hilo na mkondo unaoshuka, utaelewa kwa nini nusu ya kimo cha mlima aliyoitaja Rubani si uoga.

Kuhusu ndege kubwa, nitataja matukio matatu ya Marekani. Tarehe 10 Januari 1964, B-52 iliyokuwa katika safari ya majaribio kusini mwa Colorado, ikiwa na wahudumu wa kampuni ya Boeing, ilipigwa na msukosuko upande wa demani wa milima ya Sangre de Cristo, na karibu mkia wote wa wima ukang'oka. Rubani Chuck Fisher aliiongoza kwa saa kadhaa bila mkia huo hadi akatua salama Blytheville, Arkansas. Picha iliyopigwa kutoka ndege iliyotumwa kuitazama ingali inatumika madarasani. Desemba 1992, DC-8 ya mizigo magharibi mwa Denver ilipoteza injini moja na kipande cha bawa ndani ya mawimbi ya milima ya Rocky, ikatua. Machi 1993, Boeing 747 ya mizigo iliyoondoka Anchorage, Alaska, ilipoteza injini namba mbili muda mfupi baada ya kuruka, ikarudi ikatua. Kwa hiyo miaka ya 1990 haikuwa salama kwa sababu tu ilikuwa ya kisasa. Kilichoboreka zaidi tangu hapo ni utabiri.

Upande wa pili wa somo ni kwamba mawimbi hayo yana wapenzi wake. Marubani wa ndege zisizo na injini huyatafuta. Mwaka 1933, Wolf Hirth na wenzake waligundua juu ya milima iliyo kati ya Poland na Cheki za leo kwamba ndege isiyo na injini inaweza kupandishwa na wimbi upande wa demani, mahali ambapo kila mtu alitarajia hewa ya kushuka tu. Mjerumani Joachim Kuettner aliyachunguza mawimbi hayo miaka iliyofuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa California, katika utafiti wa Sierra Nevada uliokuwa na makao Bishop. Katika utafiti huo Larry Edgar na Harold Klieforth walipanda hadi zaidi ya futi 44,000 mwaka 1952. Edgar huyohuyo, Aprili 1955, aliingia kwenye rota, ndege yake ikasambaratika, akatoka kwa mwavuli akiwa hai. Tarehe 2 Septemba 2018, ndege ya Perlan 2 isiyo na injini ilipandishwa na mawimbi ya Andes, ikianzia El Calafate, Argentina, ikiwa na Jim Payne na Tim Gardner, hadi zaidi ya futi 76,000. Hicho ni zaidi ya mara mbili ya kimo cha ndege za abiria, bila tone la mafuta. Nakiri kwamba mimi huona habari hiyo kuwa ya kusisimua kuliko safari nyingi za roketi.

Kibosho Juu

Nimeelewa. Swali langu la mwisho: kama wimbi linaweza kuwepo bila wingu, rubani wa leo anajuaje? Au anategemea bahati kama wale wa 1966?

Mpimaupepo

Hategemei bahati. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka kigezo: wimbi la mlima huitwa kali likiwa na mkondo unaoshuka wa mita 3 kwa sekunde, yaani futi 600 kwa dakika, au zaidi, au likiandamana na msukosuko mkali. Likitabiriwa au likiripotiwa, ofisi ya hali ya hewa inayosimamia anga hiyo hutoa onyo la hatari za angani liitwalo SIGMET, lenye maandishi SEV MTW, yaani wimbi kali la mlima. Kwa anga ya Dar es Salaam onyo kama hilo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Setilaiti nazo husaidia zaidi ya macho, kwa kuwa picha zake zinazopima mvuke wa maji huonyesha michirizi ya mawimbi hata katika hewa isiyo na wingu linaloonekana kutoka ardhini. Chombo kilichobaki, na ambacho nadhani kinatumiwa pungufu katika eneo letu, ni ripoti ya rubani mwenyewe. Aliyetikiswa asiporipoti, anayemfuata dakika kumi nyuma yake hataambiwa.

Rubani wa Mrengo Mmoja

Naunga mkono hoja ya ripoti. Wenzangu wengi huona aibu kuripoti msukosuko wakidhani wataonekana waoga. Pia naomba Mpimaupepo aguse kaskazini mwa Kenya, kwa sababu hapo ndipo nilipokutana na hewa mbaya kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika Mashariki, na mbingu ilikuwa safi.

Mpimaupepo

Hilo halinishangazi. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi ambao upepo wa kusini-mashariki hupita kwa kubanwa, na mwaka 1982 Kinuthia na Asnani waliuelezea mkondo huo wa kasi kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi. Leo huitwa mkondo wa Turkana. Mkondo huo ndio sababu ya mitambo 365 ya umeme wa upepo kujengwa karibu na Loiyangalani na si mahali pengine. Una sifa mbili zinazotuhusu: una nguvu zaidi usiku na alfajiri, saa ambazo hewa ni thabiti, na hupita kwenye eneo kavu ambako unyevu wa kutengeneza lenzi ni mdogo.

Ongeza hapo Mlima Kulal, wenye karibu mita 2,300, ulio mashariki mwa Ziwa Turkana. Kulal si Kilimanjaro. Upepo wa mkondo huo una nguvu ya kuuvuka badala ya kuuzunguka tu, na Loiyangalani iko upande wake wa demani. Masharti mengi niliyoyataja mwanzoni yanatimia; kinachokosekana ni wingu la kuyaonyesha mawimbi. Anayekwenda huko asubuhi na mapema aangalie upepo wa futi 5,000 hadi 10,000 kabla ya kuruka, na ukiwa unavuka Kulal kwa noti 25 au zaidi, apite mbali na mteremko wa magharibi au asubiri jua lipande, ingawa angoje kidogo tu, kwa sababu saa sita mchana huwa na misukosuko yake ya joto.